Choroa wa Arabuni na Kufuli la Kizimba

Nilipokuwa kijana wa miaka 24 hivi nilikwenda matembezini na wenzangu, mahali fulani huku Pwani alipokuwapo mtu aliyefuga wanyama wa pori ili kuwaonyesha watalii. Sitaji jina, kwani mwenyewe amekwisha kufa na mahali penyewe hapapo tena. Palikuwa na pofu mmoja, mnyama wa kimo cha ng'ombe dume, amefungiwa katika ua wa seng'enge usiozidi sebule ya nyumba ya Mji wa Kale. Alikuwa amesimama juu ya samadi yake mwenyewe, kichwa chini, mbavu zahesabika, na mlangoni limening'inia kufuli kubwa kama yale yafungayo maghala. Watoto walimrushia maganda ya ndizi. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na usiku ule ule nikatunga shairi la beti 12. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Mfungwa asiye kosa, hukumu gani kapewa,
Majani hakuyakosa, nyikani ametolewa,
Watu waja kumgusa, picha akichukuliwa,
Aliyetia kufuli, naye atahukumiwa.

Shairi lile lilinipa sifa nisiyoistahili. Lilighaniwa barazani, likasomwa redioni, hata waalimu wakaniomba nakala. Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba maneno yamekwisha: kizimba ni jela, na amtiaye mnyama kizimbani ni dhalimu, awe Mzungu au Mwafrika, awe na tiketi ya mlangoni au hana. Aliyenitoa katika imani hiyo hakuwa mwanachuoni wala bwana wanyama. Ni ami yangu mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaendesha malori ya njia ya Salalah mpaka mgongo ukamkataa.

Ami alikuja Mombasa kwa harusi ya mjukuu wake. Usiku wa samri kijana mmoja akalighani lile shairi langu, watu wakashangilia. Mzee akaniita pembeni, nikamshika mkono na kuubusu, akanikalisha karibu naye.

"Mwanangu," akasema, "ubeti wako mtamu, na huyo pofu alidhulumiwa, sina ubishi. Lakini yuko mnyama nimjuaye mimi ambaye, lau si kufuli kama hilo unalolilaani, leo angebaki katika mashairi ya Waarabu tu. Njoo Omani nikuonyeshe."

Nilikwenda mwaka 2019, na haya niyaandikayo hapa mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyatafuta vitabuni baada ya kurudi, kwa sababu nilikuwa na deni.

Mnyama mwenyewe ni choroa. Sisi twamjua, apitaye ndani ya Tsavo humwona, mnyama wa rangi ya vumbi, uso wenye mabaka meusi, pembe mbili zimenyooka kama mikuki. Huyo wa Arabuni ni ndugu yake mdogo. Ni mfupi wa kimo, mweupe pe mwili mzima, miguu ya rangi nzito kama aliyevaa soksi, na pembe ndefu nyembamba ambazo ukimtazama kwa ubavuni hujificha moja nyuma ya nyingine, ukadhani ana pembe moja tu. Waarabu humwita maha. Tuliotoka chuoni tukaendelea na vitabu vya lugha tulikutana naye kabla ya kumwona, kwani washairi wa Kiarabu tangu zama za Jahiliya wakitaka kuyasifu macho ya mwanamke humfananisha na maha, na hata leo mabinti huitwa kwa jina hilo. Nawe msomaji ambaye hujapata kufungua diwani ya Kiarabu, ikiwa uliwahi kupanda ndege ya Qatar kwenda kuhiji au kutafuta riziki, basi umekwisha kumwona: kile kichwa chenye pembe kilichochorwa mkiani mwa ndege ni chake.

Ajabu yake kubwa ni subira ya kiu. Katikati ya Omani uko uwanda uitwao Jiddat al-Harasis, nchi ya changarawe tupu isiyo na mto wala ziwa, ambayo gari huikata kwa saa nyingi bila ya dereva kuwa na sababu ya kugeuza usukani. Mvua huweza kupotea miaka. Lakini upepo utokao baharini, bahari ile ile iliyotuletea majahazi, huingiza ukungu bara usiku, umande ukatua juu ya migunga na majani makavu. Choroa hula majani yaliyolowa umande akatosheka. Huweza kukaa miezi asiguse maji. Mchana hulala chini ya kivuli, hufukua mchanga wa juu uliochemka akajilaza juu ya ule wa chini uliopoa. Mnyama wa namna hii jangwa halimwui.

Aliyemwua ni motokaa. Karne nyingi Mbedui alimwinda kwa miguu na kwa ngamia, akipata mmoja baada ya jasho la siku kadhaa, na waliopona walikuwa wengi kuliko waliouawa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mafuta yakaleta pesa, na pesa zikaleta magari ya kupanda mchanga na bunduki za risasi mfululizo. Wakubwa wakatoka kwa misafara ya magari kwenda kuwinda kama waendao karamuni. Katika uwanda usio na mti wa kujificha, mnyama mweupe aonekanaye kutoka mbali atakwenda wapi? Wale wa majangwa ya kaskazini walikwisha kwanza, wakabaki wachache upande wa kusini, mipakani mwa Omani na nchi ambayo leo ni Yemeni. (Huko Omani iko kampuni ya kuuza petroli iitwayo Al Maha. Nilipolisoma jina hilo juu ya pampu nilicheka peke yangu, ami akaniuliza kulikoni.)

Hapa ndipo Kenya inapoingia katika hadithi, nami sikulijua hilo mpaka nilipoanza kutafuta.

Mwaka 1962 chama kimoja cha London, Fauna Preservation Society, kiliona kwamba kungoja ni kumzika mnyama huyu akiwa hai. Wakaamua kuwakamata wachache waliosalia na kuwapeleka mahali pa salama wakazae. Kiongozi wa msafara alitoka Nairobi: Meja Ian Grimwood, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori ya Kenya. Wakaenda upande wa mashariki wa himaya ya Adeni, huko Mahra, jirani na Hadhramaut walikotoka babu za Washihiri wetu. Walizifuata nyayo mchangani kwa magari, na ndege ndogo ikawatafutia kutoka juu. Jasho lote lile liliwapatia choroa wanne, madume watatu na jike mmoja. Dume mmoja akafa. Alikuwa amebeba jeraha la risasi kabla ya kukamatwa.

Watatu waliobaki waliletwa Kenya. Waliwekwa Isiolo, kwa kuwa ni nchi kavu isiyotofautiana sana na kwao, wakingojea safari. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru wetu, wakapelekwa Marekani katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, ambako kuna jangwa na jua kama la Arabuni. Bustani ya wanyama ya mji huo ilikuwa changa, imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Wakaongezewa jike mmoja kutoka bustani ya wanyama ya London, jike mmoja kutoka Kuweti, na wanne waliotolewa na Mfalme Saud wa Saudia. Jumla ni tisa. Mtoto wa chuoni huwahesabu kwa vidole na kimoja kikabaki. Wakapewa jina la Kundi la Dunia, na hawakukosea.

Sasa nataka nilieleze jambo ambalo mimi, katika beti zangu 12, sikulifikiria hata kwa nusu mstari: kazi ifanywayo nyuma ya kufuli, pale panapokuwa na kazi.

Ukiwa na mbuzi tisa na ukawaacha wapandane wapendavyo, baada ya vizazi vichache utakuwa na kundi la ndugu: wadogo, wagonjwa, matasa. Kila mfugaji ajua. Kwa hiyo jambo la kwanza ni daftari la nasaba. Kila ndama azaliwapo huandikwa baba yake na mama yake, siku aliyozaliwa, bustani aliyopelekwa, siku aliyokufa na kilichomwua. Ni mfano wa shajara wazitunzazo masharifu wetu, isipokuwa shajara hii husomwa kwa kusudi jingine: ili dume apelekwe kwa jike aliye mbali naye kwa damu. Ndiyo maana utasikia kwamba mnyama amesafirishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, ukadhani ni biashara, kumbe ni posa.

Jambo la pili ni kutoweka mayai yote katika pakacha moja. Choroa walipozidi Phoenix, wengine walipelekwa bustani nyingine, na mwaka 1972 baadhi yao walihamishiwa San Diego, jimbo la California, katika uwanja mpana ambamo huishi kwa makundi. Maradhi yakiingia Phoenix, San Diego watabaki. Na jambo la tatu ni elimu: waganga wakajifunza damu yake, ulaji wake, mimba yake ya miezi minane na nusu hivi, namna ya kumlaza usingizi na kumsafirisha asife kwa hofu. Elimu hiyo haipatikani kwa kumtazama mnyama kwa darubini akikimbia.

Nisieleweke kwamba bustani zote za wanyama ni hivyo. Nyingi duniani ni biashara ya tiketi na maganda ya ndizi, kama ile iliyonitungisha shairi, na baadhi zimejipaka neno hifadhi kama mtu ajipakaye uturi bila ya kuoga. Kipimo changu sasa ni chepesi. Namwuliza mwenye kizimba: daftari liko wapi, na huyu mnyama au mwanawe anarudi lini kwao? Akiwa na jibu nitakaa nimsikilize.

Narudi kwa choroa. Oktoba 1972 msafara wa wawindaji kwa magari uliwafikia wale wa mwisho katika Jiddat al-Harasis. Baada ya siku hiyo hapakuwa na choroa hata mmoja wa Arabuni aishiye porini katika dunia nzima. Ami alikuwa akipita njia za huko miaka ile. Aliniambia kwamba habari hiyo madereva waliipokea kwa kunyamaza, na mzee mmoja wa Kiharasis aliyepanda lori lake kwa lifti alisema maneno machache kwa lugha yake ambayo ami hakuifahamu, kisha hakunena tena mpaka aliposhuka.

Sultani Qaboos, aliyekuwa ameshika utawala mwaka 1970, akataka mnyama huyo arudi. Machi 1980 choroa wa kwanza wakashushwa Yalooni, katika Jiddat al-Harasis, wametoka San Diego. Hawa walikuwa wajukuu na vitukuu vya wale tisa, hawajapata kuonja umande wa Arabuni. Hawakufunguliwa siku ile. Waliwekwa kwanza katika mazizi, kisha katika ua mkubwa, wakae mpaka wawe kundi moja lenye kujuana, lenye mkubwa na mdogo, kwani choroa mpweke jangwani ni maiti itembeayo. Tarehe 31 Januari 1982, miaka 20 kasoro kidogo tangu Grimwood alipowafuata nyayo, ukafunguliwa uzio wakatoka kumi.

Aliyeusimamia mradi huo kwa miaka ya mwanzo, Mark Stanley Price, alikuwa amewachunguza choroa wetu hapa hapa, katika ranchi ya Galana, bara ya Malindi, kabla ya kwenda Omani. Basi kwa mara ya pili elimu ilipitia kwetu, nasi twauza samaki tu hatuna habari.

Lakini walinzi walikuwa Waharasis wenyewe, na kwa maoni yangu hili ndilo lililoufanya mradi usimame. Walipewa mshahara, magari na redio za mawasiliano, wakawa wanalifuata kila kundi, wakamjua kila choroa kwa pembe zake na kwa namba. Wazee waliowakumbuka wale wa zamani waliwafunza vijana. Katika nchi ambayo haikuwa na kazi nyingine ila ngamia na mbuzi, mnyama akawa riziki akiwa hai. Ndama wakazaliwa porini. Wanyama waliozaliwa Marekani wakajifunza wenyewe kufuata mvua, maana huko mvua hunyesha huku pakakauka kule, na asiyejua kuifuata hufa. Mwaka 1994 UNESCO wakaitia hifadhi hiyo katika Urithi wa Dunia. Kufikia mwaka 1996 choroa wa porini walikuwa wamepita 400.

Lau ningekuwa mtungaji wa hadithi za kufurahisha ningekomea hapa.

Februari 1996 walianza kuibwa. Hawakuibwa kwa nyama. Walitakiwa hai, na hasa majike, na waliowataka ni matajiri wa nje waliotaka kuwaweka katika mazizi yao ya fahari. Wezi waliwafukuza kwa magari mpaka wakachoka, wakawafunga, wakawapakia. Wengi walikufa njiani kwa joto na hofu. Baada ya miaka mitatu hivi walibaki 138 porini, na katika hao majike ni 28 tu. Ikabidi wengine wakamatwe tena na kurudishwa ndani ya ua wa Yalooni ili mbegu isipotee mara ya pili. Mwaka 2007 walihesabiwa 65, na serikali ya Omani ilikuwa imeamua kuipunguza hifadhi kwa asilimia 90, mafuta yakiwa yametafutwa humo. UNESCO wakaifuta katika orodha. Ni mahali pa kwanza duniani kufutwa katika Urithi wa Dunia.

Msomaji, nilipoyafahamu haya niliketi kimya. Kizimba cha Phoenix kilimwokoa choroa, na uroho wa kizimba cha tajiri ukamwangamiza. Chuma ni kile kile, kufuli ni lile lile. Ubeti wangu ulimhukumu mtia kufuli, lakini haukumwuliza amelitia kwa ajili ya nani.

Na swali hilo si geni kwetu. Mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alipenda kutuhadithia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mimi niliichukua hadithi hiyo kuwa hoja yangu dhidi ya kila kizimba. Lakini mwalimu huyo huyo alitusimulia pia habari ya mtoto Abu Umayr na kindege chake, ambacho Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtania mtoto kwacho na hakumkataza kukifuga. Wanavyuoni wakatoa katika hadithi hizo mbili hukumu moja: kumfuga kiumbe kunajuzu kwa sharti ya kumtimizia haki zake. Mimi nilihifadhi hadithi moja nikaiacha ya pili, kwa kuwa ya kwanza ndiyo yenye moto, na moto hupendeza katika shairi.

Liko jambo moja la kupimwa zaidi, nalo ni nchi. Bustani ya wanyama huweza kutunza mbegu, lakini haiwezi kutunza shamba. Huko Saudia walitenga mahali paitwapo Mahazat as-Sayd, zaidi ya kilomita za mraba 2,000, wakapazungushia uzio na kuwatoa mbuzi na ngamia. Jambo ambalo kwa asili yake si jipya Arabuni, kwani hima, yaani malisho yaliyozuiwa, ni desturi ya kale huko. Majani yakarudi, na kuanzia mwaka 1990 choroa wakaachiwa humo. Walistawi. Lakini ukame ulipokuja uzio ule ule uliozuia mbuzi kuingia ulizuia choroa kutoka kuifuata mvua, wakafa kwa mamia. Mwenye mbegu asiye na shamba la kutosha ana kazi iliyobaki.

Jirani zetu Tanzania wana funzo lao. Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, walikuwako vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wadogo hata mmoja hukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, wazaao watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu waliwagundua mwaka 1996, wakati bwawa la umeme linajengwa. Waliishi katika manyunyu ya maporomoko tu, mahali padogo kuliko mashamba mengi ya minazi hapa kwetu. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Baadaye na ya Toledo ikasaidia. Porini wakatoweka, ikatangazwa rasmi mwaka 2009. Kisha mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako sasa kuna mabomba ya kunyunyizia maji badala ya maporomoko. Chura anayeishi kwa mfereji! Wengine wataona ni mzaha. Mimi naona ni deni la umeme, na wenye deni wanalilipa. Na hapa Kenya yuko bongo wa milimani, ambaye wengi wetu wa Pwani hatujapata hata kulisikia jina lake, naye mwaka 2004 walirudishwa 18 kutoka bustani za Marekani hadi Mlima Kenya ili wazao wao waingizwe tena msituni.

Choroa wa Arabuni leo wako, alhamdulillahi. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile lilimshusha katika daraja ya hatari, mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka kabisa porini akapanda hatua tatu. Walihesabiwa wakati huo wa porini wapatao 1,000, Saudia na kwingineko, na maelfu kadhaa walio katika mabustani na mazizi. Wote hao wanatokana na vikundi vichache vilivyofugwa, na lile la tisa ndilo mama.

Ami alinifikisha Yalooni kabla ya jua kutua, baada ya kulala Haima. Tulikuwa tumepewa ruhusa ya kuingia. Sikutegemea kwamba mnyama angekuwa mweupe kiasi kile. Changarawe zilikuwa za kijivu, anga ya kijivu, na wao kama mashuka yaliyoanikwa. Walikuwa ndani ya uzio, uzio mkubwa ambao mwisho wake sikuuona. Mlangoni pana kufuli. Nililitazama, ami akanitazama mimi, wala hatukusema neno.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito hata nyaya za uzio zikawa zinadondosha maji. Mlinzi mmoja, kijana wa Kiharasis, alikuja na daftari lake kuhesabu. Aliwapita mmoja mmoja kwa macho, akiandika, nao hawakumwogopa. Ami akamwambia kwa Kiarabu kwamba mimi ni mgeni kutoka Kenya. Kijana akaniamkia vizuri, akauliza kama kwetu wako maha.

Nikamwambia wako, wa rangi ya vumbi, wakubwa kuliko hawa. Kisha nikamwambia kwamba babu zao hawa watatu walipita kwetu mwaka 1962, wakakaa Isiolo kabla ya kupelekwa Marekani. Hilo hakuwa amelisikia. Alijua Phoenix, alijua San Diego, alijua jina la choroa dume aliyeongoza kundi la kwanza, lakini Isiolo hakuijua. Akaniomba nilitamke tena jina la mji, pole pole. Nikalitamka. Akageuza daftari, na pembezoni mwa ukurasa wa hesabu ya siku ile akaliandika kwa herufi za Kiarabu, akanionyesha kama amepatia.

Alikuwa amekosea herufi moja. Nikamsahihisha, akaendelea kuhesabu.